Malambo ya Usukuma: Nani Aliyeyafukia?

Kutoka stesheni ya reli ya Malampaka, wilayani Maswa, ukifuata njia ya ng'ombe kwa mwendo wa kama nusu saa, utafika kwenye kiwanja kizuri cha mpira. Ni tambarare kama meza. Vijana wamesimika magoli ya miti ya mikaratusi, na upande mmoja kuna tuta refu la udongo lenye kimo cha watu wawili, ambalo siku za mechi watazamaji hulikalia kama jukwaa. Mgeni atasema hawa watu wana akili, wamejijengea hata jukwaa.

Lile si jukwaa. Ni ukingo wa lambo. Na pale katikati, mwamuzi anapoweka mpira, ndipo mahali ambapo mimi nikiwa na umri wa miaka minane nilinusurika kuzama. Baba mdogo alinitoa kwa kunishika mguu, na baada ya kuhakikisha ninapumua akanichapa kwa fimbo yake ya kuchungia. Mimi nililikuta lina maji. Mwanangu amelikuta lina magoli.

Nataka wiki hii tuzungumze habari za malambo haya. Najua msomaji wa mjini atauliza lambo linamhusu nini yeye anayefungua bomba. Avumilie kidogo. Mji wa Maswa wenyewe umetegemea maji ya bwawa la New Sola lililoko Zanzui. Watu wa Morogoro wanalitegemea Bwawa la Mindu. Umeme wetu kwa miaka mingi ulitegemea Mtera na Kidatu. Yote hayo ni malambo, ila makubwa, na ugonjwa ulioliua lambo la Malampaka hauchagui mkubwa wala mdogo.

Ukiuliza pale kijijini nani alilifukia lambo, jibu ni moja: ng'ombe. Ukimuuliza ofisa wa mjini, jibu ni hilo hilo, ila yeye ataongeza na mwenye ng'ombe. Mimi ni mtoto wa wafugaji, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuniona ninatetea ukoo. Lakini nimeifuatilia historia ya jambo hili kwa muda, na naona ng'ombe amebebeshwa kesi ambayo washitakiwa wake ni wengi.

Tuanze na jinsi lambo linavyokufa, maana wengi hatujui. Watu hudhani lambo hukauka. Lambo hushiba. Mvua inaponyesha juu ya mteremko usio na majani, maji hukimbia, na maji yanayokimbia hubeba. Yakifika kwenye lambo hutulia, na yakitulia hutua mzigo. Mchanga mzito hutua kwanza, pale mlangoni yanapoingilia. Tope laini huendelea mpaka karibu na ukingo na kutua kule. Maji yakizidi hutokea kwenye utoro, yaani ule mlango wa pembeni wa kupitishia mafuriko. Sasa utoro huchota maji ya juu, ambayo ndiyo masafi. Kwa maneno mengine, lambo hutoa maji na kubaki na udongo. Limejengwa hivyo.

Hapa ndipo watu hudanganyika. Mwezi wa nne lambo lililojaa tope na lambo lenye afya yanafanana. Yote yamejaa, yote yanang'aa, bata wanaogelea. Tofauti huonekana mwezi wa nane. Nchi zetu za ukame jua na upepo hunyanyua karibu mita mbili za maji kwa mwaka kutoka kwenye bwawa lililo wazi. Kiangazi peke yake, tangu mwezi wa tano hadi wa kumi, kinaweza kuchukua zaidi ya mita moja, hata kama hakuna ng'ombe mmoja aliyekunywa. Lambo lenye kina cha mita tatu litavuka kiangazi. Lambo hilo hilo likijaa tope mpaka kina kikabaki mita moja, jua litalimaliza kabla mvua hazijarudi, kisha mwenye ng'ombe atasema mwaka huu ukame umekuwa mkali. Ukame ni ule ule wa siku zote, bali chombo ndicho kilichopungua.

Je, nani aliyachimba malambo haya? Ili tulijibu hili ni lazima turudi nyuma sana, kwa mbung'o.

Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kumaliza ng'ombe. Mahali ambapo ng'ombe walikuwa wakilisha pakaota vichaka, na ndani ya vichaka akaingia mbung'o. Katika miaka ya 1920 Mwingereza mmoja, Charles Swynnerton, mtaalamu wa wanyama na wadudu, aliweka makao yake Shinyanga ili kupambana na mdudu huyo, na mwaka 1929 ikaanzishwa idara nzima ya utafiti wa mbung'o. Dawa yao kubwa ilikuwa shoka na moto. Wasukuma walikusanywa kwa maelfu na watemi wao, wakafyeka nchi. Kwa kweli mbung'o alirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, watu wakapona malale. Sitaki kuidharau kazi ile. Lakini mti uliokatwa kumfukuza mbung'o ndio ule ule uliokuwa umeshika udongo, na hakuna aliyeurudisha baada ya vita kwisha. Vizazi viwili baadaye watu walipokuwa wakiiita Shinyanga jangwa, wengi walisahau kwamba jangwa lile lilikuwa na mwanzo wake, na kwamba lilifanywa kwa amri na kwa malipo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, makao yake yakiwa Malya. Msomaji asiyejua nchi ile aelewe kwamba Malya ni stesheni inayofuata Malampaka ukielekea Mwanza. Kwa hiyo sisi tulikuwa jirani kabisa na wenye mpango. Wakoloni walikuwa wamepiga hesabu zao: katikati ya Usukuma watu na mifugo wamejazana, nchi inachoka, pembezoni kuna ardhi ambayo haina watu kwa sababu haina maji. D. W. Malcolm, ofisa wa utawala aliyeandika kitabu juu ya Usukuma, alikuwa ameeleza kwamba maili moja ya mraba ichukue watu kama 100, na ng'ombe wao kwa kipimo. Waliozidi wahame. Na ili mtu ahame, mchimbie lambo huko unakotaka aende.

Hebu tulitazame jambo hilo vizuri, maana kwangu mimi ndilo kiini cha habari yote. Lambo halikuchimbwa tu ili watu wanywe. Lilichimbwa kuwa sumaku ya kuvuta watu na ng'ombe waje wakae mahali ambapo hawakuwepo. Nao walikuja. Walipofika walilima karibu na maji, walilisha karibu na maji, na kila jioni makundi yakashuka kutoka pande zote kwa njia zile zile, na njia ya ng'ombe ikikanyagwa miaka mitano huwa mfereji, na ikikanyagwa miaka 15 huwa korongo. Sumaku ilifanya kazi iliyotumwa. Mtego ulikuwa humo humo.

Haki isemwe, wataalamu wa Malya waliijua hatari hiyo. Ndiyo maana waliambatanisha sheria. Kulima kwa matuta, tena matuta yaliyofungwa kwa vituta vidogo vya kukingama ili maji yasikimbie. Kulima muhogo wa akiba. Kutia samadi shambani. Kupunguza ng'ombe. Asiyetii, faini barazani kwa mtemi, na baadaye ikaongezwa kodi ya ng'ombe. Msukuma uliyemwambia apunguze ng'ombe wake ulikuwa umemwambia afunge benki, avunje ndoa za wanawe na aende kwenye baraza la wazee mikono mitupu.

Wasomaji wa umri mkubwa wanakumbuka yaliyofuata. Chuki ya sheria zile ndiyo iliyokuwa mbolea ya siasa Kanda ya Ziwa. Paul Bomani na wenzake walijenga ushirika wa pamba uliozaa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955. TANU ilikataliwa kuandikishwa Usukuma tangu 1954 hadi 1958. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa, wakaandamana hadi Mwanza, na serikali ya kikoloni ikalegeza kamba. Tulishinda, na ninaandika neno hilo bila haya. Serikali inayomlazimisha mtu kwa faini na askari kulitunza shamba lake mwenyewe, bila kumuuliza, ilistahili kushindwa.

Ila katika kushinda huko tulitupa na kitu kingine. Baba mdogo, ambaye wakati lambo letu linajengwa alikuwa mtoto wa kuchunga ndama, alinieleza hivi: tuta lilikuwa la Mzungu, na Mzungu alipoondoka tukaona haya kuendelea kulipiga. Kijana aliyefunga matuta yake mwaka 1962 alichekwa. Bwana shamba aliyekuja baada ya Uhuru, hata akiwa Msukuma mwenzetu, alipotaja matuta watu walisikia sauti ya faini. Wakati huo huo bei ya pamba ilikuwa imewavuta watu, plau zimeingia, na shamba lililokuwa ekari mbili likawa ekari nane, likapanda mteremko mpaka kwenye luseni, ule udongo wa kichanga wa juu ambao ukiuvunja majani yake haushikiki tena. Kisha miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, ikatukusanya, na kilichokusanya watu kikakusanya na ng'ombe wao. Ndivyo mteremko ulivyovuliwa nguo mara tatu: kwa mbung'o, kwa pamba, kwa vijiji.

Ni udongo kiasi gani huo? Hapa tuna bahati, maana Tanzania ni moja ya nchi za Afrika ambazo jambo hili lilipimwa mapema na kwa uangalifu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wale wa Uppsala, Sweden, wakiongozwa na Anders Rapp, walipima mabwawa karibu na Dodoma: Imagi, Msalatu, Matumbulu na Ikowa. Bwawa la Ikowa lilijengwa mwaka 1957 na hupokea maji ya eneo la karibu kilomita za mraba 640. Walikuta kwamba kila kilomita moja ya mraba ilikuwa ikileta bwawani takriban mita za ujazo 200 za udongo kila mwaka. Matumbulu, dogo zaidi na lenye milima karibu, ilikuwa zaidi ya 700. Ikowa walilikadiria uhai wa miaka kama 30 tu. Bwawa la Kisongo, karibu na Arusha, lililojengwa 1960, nalo halikutazamiwa kuishi zaidi ya hapo.

Tuzilete hesabu hizo Malampaka, kwa kukadiria tu. Tuseme lambo la kijiji linachukua mita za ujazo 20,000, na eneo linalolimiminia maji ni kilomita za mraba 5. Tuchukue mita 400 kwa kilomita, ambayo ni katikati ya vipimo vya Dodoma. Unapata mita 2,000 za udongo kwa mwaka. Lambo limekwisha katika miaka kumi. Na kama unataka kulirudisha lilivyokuwa kwa lori la mita saba, ni safari zaidi ya 2,800. Baada ya hapo utahitaji safari karibu 290 kila mwaka ili libaki hivyo, milele. Ninapomsikia mwanasiasa akiahidi kwamba lambo litachimbuliwa, huwa natamani kumuuliza juu ya zile safari 290 za mwaka unaofuata.

Mwaka 1997 nilikuwa kijana wa sekondari. Mwaka ule ulianza kwa ukame, majani yakaliwa mpaka mizizi, kisha mwezi wa kumi zikafika mvua za El Niño. Nakumbuka usiku mmoja tulisikia mngurumo ambao si wa radi, na asubuhi tukakuta lambo limefurika na maji yana rangi ya chai ya maziwa. Kijiji kizima kilifurahi. Wazee walisema Mungu amelipa deni. Hakuna aliyejiuliza ile rangi ya chai ni nini. Ilikuwa ni nchi yetu, imetembea usiku ikaja kulala lamboni. Kiangazi kilichofuata akina mama walikuwa wa kwanza kugundua, kwa sababu wao ndio wanaoingia na ndoo: palipokuwa na maji ya kifua pakawa na maji ya goti, na chini mguu unazama kwenye uji. Wataalamu watakwambia kwamba mzigo mkubwa wa udongo haubebwi na mvua za kila siku, hubebwa na dhoruba chache, na hasa zikikuta ardhi iko uchi. Sisi tulilijua hilo kwa miguu.

Baadaye lilikuja tingatinga. Mradi sitautaja, wala mkandarasi, maana ninachotaka kueleza si jina. Alichimba vizuri, siku tisa, na lile tope akalirundika upande wa juu, pale maji yanapoingilia, kwa sababu ndiko kulikuwa karibu. Wazee walimwambia. Akajibu kwamba mkataba wake unasema kuchimba, hausemi kupeleka. Zikaja mvua mbili, na rundo lote likarudi nyumbani kwake. Ndiyo mara ya mwisho lambo lile kuwa lambo.

Tusidhani ujinga huo ni wa Malampaka peke yake. Wachina, mabingwa wa mabwawa, walimaliza bwawa la Sanmenxia kwenye Mto Manjano mwaka 1960, na haikupita miaka miwili wakalazimika kubadili utaratibu mzima wa kulijaza kwa jinsi tope lilivyokuwa likipanda. Ikabidi watoboe njia za chini na kuchimba mahandaki ili tope lipite. Sudan, bwawa la Khashm el-Girba lililojengwa 1964 kwenye Mto Atbara lilipoteza takriban nusu ya ujazo wake kabla halijafika miaka 40, ingawa walikuwa wakilifungua na kuliosha wakati wa mafuriko, samaki wakifa kwa wingi kila linapooshwa. Kenya, bwawa la Masinga, lililokamilika 1981 kwenye Mto Tana kwa ujazo wa mita za ujazo milioni 1,560, lilipangwa kwa hesabu ya tope ambayo mto uliicheka; miaka 30 baadaye takriban sehemu moja ya kumi ya ujazo ilikuwa imekwenda. Makadirio ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa yaliyotolewa karibu na mwanzo wa 2023 yanasema mabwawa makubwa ya dunia kwa jumla yamekwishapoteza kama asilimia 16.

Wa kuwasifu ni wale wahandisi wa Misri wa mwaka 1902. Bwawa la kwanza la Aswan lilijengwa na milango 180. Mafuriko ya Nile yalipokuja, mazito na mekundu, milango iliachwa wazi, tope likapita kwenda mashambani chini. Maji yalipoanza kusafika ndipo wakaifunga, wakahifadhi. Yaani hawakushindana na tope, walilipisha kama unavyompisha mlevi njiani. Lambo la udongo la kijiji halina milango, na kulitia milango ni gharama. Lakini hata kijijini unaweza kumzuia mgeni kabla hajafika sebuleni: unachimba kishimo juu ya lambo, unapanda majani au mkonge mlangoni, mchanga unanasa pale, na kishimo kile watu kumi na majembe wanakisafisha kwa siku mbili. Ukambani nchini Kenya wameligeuza jambo lenyewe juu chini. Wanajenga kuta ndogo za zege katika mito ya msimu wakitaka mchanga ujae, kwa sababu kati ya chembe za mchanga mkubwa hukaa maji, robo mpaka theluthi ya ujazo wake na zaidi, na jua haliyafikii. Bibi zetu walikuwa wakichimba visima mchangani katika mito mikavu ya Usukuma tangu zamani. Hatukujua kwamba hiyo ni elimu.

Na hapa kwetu yako tuliyoyafanya. Dodoma ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 ng'ombe wote wakaondolewa kwa amri katika eneo la Kondoa lililokuwa limemomonyoka. Makorongo yalianza kuota majani, hilo halina ubishi. Lakini maelfu ya familia ziliamka asubuhi bila maziwa, bila samadi na bila mahari. Ilikuwa Malya kwa mara ya pili, safari hii kwa Kiswahili.

Shinyanga walikwenda kwa njia nyingine. HASHI ilianza mwaka 1986, na wakati huo Maswa, Bariadi na Meatu zote zilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, kabla ya Simiyu kuzaliwa mwaka 2012. Mwanzo walileta miche kwenye vitalu kama kawaida ya miradi, kisha wakafanya jambo ambalo miradi hailifanyi mara nyingi, walisikiliza. Wasukuma wana ngitili. Ni sehemu ya malisho ambayo familia au kijiji huifunga wakati wa mvua, haiingiwi, ili kiangazi kikibana ng'ombe na ndama wapate pa kulisha. Mzazi wako alikuwa nayo, babu alikuwa nayo, operesheni ndizo zilizozivunja. HASHI ikasema zirudisheni. Aliyevunja alikutana na dagashida, baraza la jadi, na sungusungu, wala haikumngoja askari wa wilaya. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zinajulikana zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Miti mingi haikupandwa na mtu. Visiki vilikuwa hai chini vikingoja. Mwaka 2002 mradi ulipewa tuzo ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa.

Mlima wenye majani hauna tope la kupeleka. Lakini ngitili nyingi zilifungwa kufuata mipaka ya familia, hazikufungwa kufuata maji. Unaweza kukuta kijiji kina ngitili nzuri tano, na mteremko ule mmoja unaomimina lamboni uko uchi, kwa sababu ni wa watu walioulima kwa miaka 40.

Siku hizi nasikia wakisema malambo yamepitwa na wakati, maji ya Ziwa Victoria yanakuja. Ni kweli mradi wa kuleta maji ya ziwa Simiyu uliidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, na mimi ninausubiri kama mtu mwingine yeyote, kwa kuwa nimekunywa maji ya rangi ya chai. Lakini ng'ombe mzima anahitaji kama lita 40 kwa siku wakati wa joto. Mwenye ng'ombe 200, na wapo, anahitaji ndoo 400 kila siku. Hebu mwonyeshe bili hiyo. Bomba litawanywesha watu. Ng'ombe watabaki na lambo au watahama, na tunajua wakihama wanakwenda wapi na nini hutokea huko kati yao na wakulima.

Narudi Malampaka, kwa sababu lambo la pili bado lipo hai. Liko ng'ambo ya pili ya reli, lina maji mpaka mwezi wa tisa, na serikali ya kijiji imeamua, safari hii kwa mkutano na si kwa amri, kufunga mteremko wa juu uwe ngitili ya lambo. Watu wameunga mkono karibu wote. Kuna mashamba sita ndani ya mteremko huo. Moja ni la baba mdogo, ekari mbili za pamba, na ndizo bora alizonazo.

Nilitumwa na wazee kumshawishi, wakidhani kwa kuwa mimi ni mtu wa redio maneno yangu yana uzito. Nilimkuta amekaa nje anachambua mbegu. Nikamweleza yote niliyokuelezeni hapa, Ikowa, Masinga, mpaka Wachina. Alinisikiliza vizuri. Nikamwambia kwamba huko Kenya, tangu 2015, upo mfuko ambao watumiaji wa maji ya Nairobi, pamoja na makampuni, huchangia ili kuwasaidia wakulima wa juu ya Mto Tana kuzuia udongo: majani ya kupandia kingo, vibwawa vya kuvunia maji ya mvua, miche. Anayekunywa chini anamsaidia anayelima juu.

Akauliza ng'ombe wanaokunywa lambo letu ni wa nani. Nikamtajia. Wenye makundi makubwa ni wanne, na watatu kati yao hawaishi kijijini, wana nyumba Maswa mjini na Mwanza. Yeye ana ng'ombe saba.

Akanyamaza kidogo, akapuliza makapi kwenye ungo. Kisha akaniuliza kama nimekwenda kwanza kuongea na hao wanne, au nimeanzia kwake kwa sababu ni baba yangu.

Nilikuwa nimeanzia kwake. Jumamosi hii ninao wawili wa kuwaona hapa Mwanza, na mmoja wao amekwishaniambia kwenye simu kwamba maji ni ya Mungu.